Daftari la Kwenda na Kurudi

Jumatatu ya kwanza alirudi amelowa kifua,
viatu vimebadilishana miguu,
midomo imefungwa kama kifuko cha sukari
kilichokazwa na muuza duka mwenye haraka.

Nikamuuliza: mmefundishwa nini?
Akatazama mlango.
Nikamuuliza: nani kakumwagia maji?
Akatazama mlango uleule.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, hapa Pasua.
Geti lisilofunga nalijua dawa yake:
unang'oa bawaba, unaipasha moto, unaigonga.
Mtoto hana bawaba.
Usiku ule nililala nimewasha taa.

Jumatano likaja daftari ndani ya begi,
limevalishwa gazeti,
mwandiko wa Mwalimu Siwema umelalia upande
kama majani yaliyopigwa na mvua:
*Mzazi, Aikaruwa hajaniambia neno nikalielewa.
Sikuiti uje kusemwa. Naomba unifundishe.
Nyumbani huongea nini? Na nani?*

Nililisoma nimesimama, nikalirudia nimeketi.
Maisha yangu yote mwalimu aliniuliza
yale tu aliyokwisha kuyajua,
fimbo ikisubiri jibu pamoja naye.

Nikajibu, vidole vina masizi:
*Miaka mitano kalelewa na mama yangu, Kidia,
huko juu migombani.
Kichagga anaongea na bibi, na mbuzi, na moto ukikataa kuwaka.
Kiswahili alikisikia redioni,
na redio haimngoji mtu ajibu.
Maji, kwake, ni mringa.*

Mama yake, ametoka Memorial na marobota yake ya mitumba,
akasoma begani kwangu, akasema:
ongeza, akiogopa hushika sikio lake la kushoto.
Nilikuwa sijui.
Nikaongeza kama vile nilijua.

Alhamisi jibu lilikuwa fupi:
*Mringa. Alisema mara nne siku ile.
Nilimpa penseli. Nikampa kiti. Nikampepea.
Kumbe alikwenda bombani peke yake, bomba likamzidi.
Mimi ni mtu wa Lindi, baba Aikaruwa,
lakini hiyo si sababu. Nisamehe.
Jagi sasa lipo mezani, kimo chake.*

Tukampigia bibi. Simu ikajaa kicheko:
mwalimu anataka maneno yetu?
Mwambie aanze na salamu,
hata ng'ombe huingiwi zizini bila salamu.

Basi Ijumaa, mlangoni pa darasa la awali,
mbele ya watoto arobaini na mmoja,
Mwalimu Siwema alichuchumaa, akasema, *Shimboni*.
Aikaruwa aliachia sikio.
*Shimbonyi*, akamwambia, taratibu,
kama anavyomwambia mtu asiyejua kumenya ndizi.

Neno lake la kwanza la shule kueleweka
lilikuwa la kumsahihisha mwalimu.

Jumamosi nilibeba mashine yangu hadi shuleni,
nikachomelea ngazi ya chuma chini ya bomba, vidato viwili.
Mlinzi akauliza nani atalipa.
Nikamwambia imeshalipwa.

Nisidanganye. Jumatatu bado analia getini.
Mwalimu huhesabu dakika, huziandika:
kumi. Saba. Saba tena. Tisa.
Nami najibu: jana mbwa wa jirani kabweka usiku kucha.
Au: leo kaamka anaimba, sijui nini.
Au siandiki kitu, umeme umekatika,
nabandika tu kidole gumba chenye grisi,
naye anaelewa kwamba nimesoma.

Jana mtoto alilitaka daftari.
Katikati ya mwandiko ule uliolala
na wangu uliosimama kama nondo,
akachora mstari mrefu wenye vilima, ukaishia pembeni.
Akasema, huyu ni mimi nawaandikia.

Hatukuweza kuusoma, si mimi, si mama yake.
Mwalimu naye hakuweza.
Ameuwekea alama ya vema kwa kalamu nyekundu,
na mimi, kwa kuwa kalamu yangu ilikuwa karibu,
nikauwekea yangu.